Bi Msasa na Kigae Namba 214

Jina lake halisi limo katika faili la utumishi na katika cheti cha ndoa yake na kaka yangu, lakini ndani ya jengo letu halitumiki. Tunamwita Bi Msasa. Wageni hudhani ni kwa sababu ya kazi yake ya kusugua vigae mpaka ving'ae. Mimi ni wifi yake, tumejuana miaka ishirini na sita, na nasema wazi kwamba jina hilo alilipata kwa ulimi kabla ya mikono.

Mimi natunza stoo ya jengo hilohilo, ghorofa ya chini, nyuma ya dirisha lenye nondo. Wanasema mimi mchoyo. Sawa, lakini stoo ya mkarimu haina kitu. Kila glavu, kila chupa na kila kigae kinachotoka nje hupita mbele yangu, kwa hiyo haya ninayoyasimulia sikuyaokota kwa majirani.

Jengo letu ni maabara, na kazi yake ni kutengeneza vigae vya kutolea leza. Si vigae vya bafuni. Nimechoka kuwaeleza watu wa mtaani kwangu. Ni visahani vya kauri, upana wake kama kifungo cha koti. Unachukua unga mweupe, unautia madini adimu kidogo, yetu sisi yanaitwa iterbi, unausaga kutwa nzima, unaushindilia kwenye kalibu, kisha unauchoma katika tanuri lisilo na hewa ndani, kwa moto ambao ungeyeyusha chuma. Kigae kikitoka, Bi Msasa anakisugua kwa unga wa almasi siku nne au tano. Mambo yakienda sawa, kauri hiyo inakuwa angavu kama kioo. Mara nyingi mambo hayaendi sawa.

Baada ya hapo kigae hupanda ghorofa ya pili kwa Daktari. Huyu si daktari wa sindano, ni wa mwanga. Anakipiga kigae mmweko mmoja mfupi. Chembe za iterbi zinaumeza, zinakaa nao kidogo, halafu zinatoa mwanga wao wenyewe, ambao jicho halioni ila kihisi chake tu. Muda wa mwanga huo kufifia ndio wanaouita umri wa mng'ao, na ni kama sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ni umri mdogo, lakini watu wamezeekea humo. Leza inataka mwanga ujikusanye kwanza ndipo utoke kwa pamoja, na ndoo inayovuja upesi haijai.

Kila kigae kina kadi yake. Juu ya kadi kuna sahihi nne: aliyeshindilia, aliyechoma, aliyesugua, aliyepima. Bila sahihi nne mimi sifungui dirisha, hata aje nani. Chini kabisa pana mstari mmoja unaouliza: "Leza?" Kwenye kadi mia mbili na kumi na tatu za mwanzo mstari huo ulikuwa mtupu. Vigae vyenyewe Bi Msasa aliviweka katika sanduku la viatu chini ya meza yake. Vingine vina ukungu kama maji ya sabuni, vingine vina nyufa, kimoja kilitoka cheusi na hakuna aliyewahi kusema kwa nini. Alivihifadhi vyote. Nilimuuliza siku moja anavifuga vya nini, akasema, "Hawa ndio walionifundisha, wifi. Wewe walimu wako uliwatupa?"

Namba 214 ilitoka angavu. Alikiweka juu ya gazeti na kusoma kupitia kigae hicho tangazo zima la mtu anayeuza kitanda cha mbao, bila herufi moja kupotea. Hakurukaruka. Aliketi kwenye kigoda chake, akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akalisoma tena lile tangazo. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na mimi niliyeona vile mia mbili na kumi na tatu nilikuwa najua vimeundwa vipi.

Wiki ileile tanuri likafa. Kipashio chake cha joto kilikatika, na kipya niliagiza mimi mwenyewe. Jibu lilisema kitafika baada ya miezi saba. Bi Msasa alikuwa amebakiza mitano kustaafu. Hakulalamika, ila alinipitia dirishani akasema jambo moja, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuniomba wala kuniambia kitu kama hicho.

"Wifi, mimi nataka kigae changu kimoja tu kitoe leza nikiwa bado nina funguo za chumba kile. Ndicho hiki. Kingine hakuna."

Maabara kubwa, iliyo mwendo wa siku mbili kutoka kwetu, ilikuwa imekubali kukiweka kigae chetu katika leza yao. Walitaka vitu viwili: kigae chenye unene wa milimita tatu kamili, na ripoti ya vipimo vyake. Kigae kilikuwa na milimita tatu. Ilibaki ripoti.

Daktari akapima. Vitabu vinasema umri wa mng'ao wa iterbi katika kauri ya namna ile haufiki milisekunde moja, yaani ile sehemu moja ya elfu ya sekunde. Yeye alipata moja nukta tatu. Alishuka ngazi mbilimbili, karatasi mkononi, shati limechomoka. Mkuu wa maabara, mama mtulivu asiyecheka kabla ya saa sita mchana, alicheka saa tatu na nusu. Zikaletwa soda. Daktari alikuwa tayari ameshaandika kichwa cha makala yake, na kichwa chenyewe kilikuwa kirefu kuliko soda zetu.

Bi Msasa alikunywa yake huku anaitazama ile karatasi.

"Kwa nini kimezidi?" aliuliza.

"Kwa sababu ni kisafi, mama," Daktari akasema. "Ni kisafi kuliko vya wenzetu wote."

"Wenzetu nao wanaosha vyombo vyao, mwanangu."

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Alirudi chumbani kwake, akachukua kipande alichokikata ukingoni mwa kigae hichohicho wakati wa kukisawazisha, chembamba kama ukucha, akakisafisha na kumpelekea Daktari akipime. Kikatoa sifuri nukta tisa tisa. Daktari akasema kipande kina gundi. Akakisafisha tena mbele yake. Daktari akasema basi ni kidogo mno, kipimo chake hakiaminiki.

Hapo ndipo nilipomjua wifi yangu upya, maana nilidhani atanyamaza. Ndoto ni yake, kigae ni chake, sifa inakuja kwa miguu yake mpaka mlangoni. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Yeye alisogeza kadi ya 214 pembeni ya meza, akaweka kopo la unga wa almasi juu yake, na kwenye nafasi ya sahihi ya tatu hakuandika kitu.

Siku mbili Daktari akawa anashinda dirishani kwangu. "Shangazi, zungumza naye. Anakusikiliza." Nilimwambia kama kuna mtu anayesikilizwa na Bi Msasa, basi ni marehemu baba yake tu. Lakini moyoni nilikuwa upande wa Daktari, na siku ya Jumamosi nilikwenda kwao nikiwa nimekata shauri kumgombeza.

Nilimkuta kaka yangu anapiga pasi mashati, na mkewe amekaa karibu anashona kifungo. Sikuzunguka.

"Wifi, tia sahihi. Tanuri limekufa, wewe unaondoka. Kigae kiende, kitoe leza, ustaafu kwa heshima."

"Heshima ya nani?"

"Yako. Usijifanye hujasikia."

Aliuma uzi kwa meno. Kisha akanisimulia habari za baba yake, ambaye mimi nilimjua kama mzee mkimya tu wa harusini. Alikuwa fundi wa miwani. Kwenye ukuta wa duka lake palikuwa na ubao wa herufi, kubwa juu, ndogo chini. Alikuja dereva wa lori, akakaa kwenye benchi kusubiri zamu, na zamu yake ilipofika akasoma ubao wote mpaka mstari wa mwisho bila kukwama. Mzee alifurahi, akamwandikia kwamba macho yake ni mazima. Mwezi uliofuata yule dereva aliliingiza lori kwenye ukuta wa shule. Ilikuwa jioni, watoto wameshatoka. Kumbe pale kwenye benchi, kila aliyetangulia aliposoma kwa sauti, yeye alikariri.

"Tangu siku hiyo baba alikuwa na ubao wa pili nyuma ya mlango," Bi Msasa akasema. "Akiona mtu amesoma vizuri kupita kiasi, anautoa huo. Mimi ndiye niliyekuwa nautoa, nilikuwa na miaka tisa. Wifi, kipimo kibaya kila mtu anakirudia. Kizuri hakuna anayekirudia."

"Na kama Daktari yuko sahihi?"

"Basi nitamwomba radhi mbele ya watu. Kile kipande na kigae ni tumbo moja, baba mmoja, moto mmoja. Kilichowatenganisha ni unene tu. Nikikipunguza kigae unene na namba isipungue, yeye ni sahihi."

Nilichelewa kuelewa alichokuwa anakisema. Kaka yangu aliwahi, akaiweka pasi wima. "Ukikipunguza," alimuuliza mkewe polepole, "wale wa milimita tatu utawapelekea nini?"

Bi Msasa alikata uzi, akalikunja shati. Nilitoka pale na hasira, na sioni aibu kuisema. Kuna watu unawapenda na bado unataka kuwatikisa mabega. Jumatatu asubuhi niliitoa ile kadi chini ya kopo wakati yeye hajafika. Sahihi yake naijua, nimeiona mara elfu. Niliishika kalamu juu ya ile nafasi ya tatu, kisha nikairudisha kadi mahali pake. Sikuogopa kukamatwa. Niliogopa kwamba angeitazama mara moja tu na kujua, na asingesema neno, na ningebaki nalo hilo maisha yangu yote.

Saa nne alikwenda kwa Mkuu, kigae mfukoni kimefungwa kitambaa. Mimi nilikuwa nimepeleka karatasi za kutiwa mhuri, nikasahau kuondoka. Daktari aliitwa.

"Naomba ruhusa nikisugue," Bi Msasa akasema. "Kutoka tatu kwenda mbili, apime. Kutoka mbili kwenda moja, apime. Kisha nusu."

"Hicho ndicho kigae pekee tulicho nacho," Mkuu akasema.

"Najua. Nimekitengeneza."

"Na ukikosea?"

"Nitakuwa nimekiharibu mwenyewe, na nitaondoka nikiwa nimekiharibu. Lakini akikosea yeye na sisi tukanyamaza, watakipima wale wa maabara kubwa. Njia ya mwongo ni fupi, mama, na sisi wala si waongo, tumefurahi tu. Nani atatutenganisha na waongo siku hiyo?"

Mkuu alimgeukia Daktari. "Wewe unasemaje? Unene kuirefusha namba, ni kitu kinachowezekana?"

Nitamsifu yule kijana kwa hili, maana angeweza kusema hapana na neno lake lingepita. Alisema kwa sauti ndogo kwamba kitu hicho kimo katika vitabu, alikisoma akiwa mwanafunzi, na kwamba siku nne hizi amekuwa akijiambia hakihusiki.

Akatueleza. Mwanga ukitolewa na chembe moja ya iterbi, kabla haujafika nje unaweza kumezwa na chembe jirani, nayo ikautoa upya, ukamezwa na nyingine. Kigae kikiwa kinene na angavu, unapokezanwa hivyo mara kadhaa. Hivyo mwanga unaochelewa kutoka haukuishi zaidi, umezungushwa tu. Nilimwelewa mara moja. Ni kama mtu aliyefuata cheti ofisini: nenda dirisha lile, rudi hili, mwone fulani. Ukimwona anatoka saa kumi usidhani alikuwa anafurahia. Vigae vyetu vya zamani vilikuwa na uchafu, mwanga ulikufa humohumo, kwa hiyo ujanja huo haukupata kutugusa. Cha kwanza kuwa safi ndicho kilichotudanganya.

"Kisugue," Mkuu akasema. Alikuwa hacheki, na ilikuwa bado haijafika saa sita.

Alifanya kazi hiyo siku kumi na moja. Nilikuwa natoa visingizio vya kwenda kumwona. Anakibandika kigae kwa nta kwenye bamba la chuma, anatia tone la maji yenye unga wa almasi, anazungusha mkono kwa namba nane, polepole, na baada ya kila mizunguko mia anapima unene kwa maikromita na kuandika. Mashine ipo, lakini alisema mashine haina huruma na kitu kilicho kimoja. Maji yaliyokuwa yanachuruzika kwenye beseni yalikuwa meupe. Ule weupe ndio kigae chenyewe kikiondoka, na aliutazama kwa macho makavu.

Milimita mbili: moja nukta moja tisa. Milimita moja: moja nukta sifuri saba. Nusu milimita: sifuri nukta tisa nane. Kile kipande kidogo kilikuwa kimesema kweli tangu mwanzo, na kigae chetu cha ajabu kilikuwa kigae kizuri tu, kama vya wenzetu.

Siku ile ya mwisho Bi Msasa alikirudisha mezani kimekuwa chembamba kama ganda la yai. Alitia sahihi ya tatu. Daktari akatia ya nne chini yake, akaandika namba ya kweli, na kichwa cha makala akakifuta. Kisha Bi Msasa alikuja stoo, akaketi ndani, mahali ambapo kisheria haruhusiwi mtu, akalia. Si sana. Alisema, "Miaka thelathini na moja ya kazi, wifi," basi. Nilifunga dirisha nikaandika "Mapumziko" kwenye kibao, na waliokuwa wanataka glavu wakasubiri.

Ripoti ilikwenda na kila kitu ndani yake: namba ya kwanza, namba zilizofuata, na kwa nini. Daktari aliiandika mwenyewe bila kujipendelea. Tulijua watatukataa, kwa sababu milimita tatu walizoziomba hatukuwa nazo tena.

Jibu lilichukua wiki sita. Walikiri kwamba kwenye leza yao ile hakitakaa. Lakini waliandika pia kwamba ripoti nyingi huwafikia na namba nzuri, na chache sana huwafikia na namba iliyokaguliwa na mtu aliyekuwa na sababu ya kutoikagua. Kuna leza za namna nyingine, walisema, zinazotumia kisahani chembamba kilichobandikwa juu ya shaba ili kipoe haraka. Walituomba tukitume, wangekipaka kioo mgongoni, wakirudishe, tujaribu wenyewe. Nilifungua dirisha langu. Sahihi zilikuwa nne.

Kilirudi Bi Msasa akiwa amebakiza siku tisa. Daktari alihitaji tano kupanga meza yake. Kigae kilikaa juu ya kipande cha shaba, na mbele yake, umbali wa kiganja, kikasimama kioo cha pili. Mwanga ulitakiwa uende na kurudi kati ya hivyo viwili, ujikusanye, mpaka upenye kioo na kutoka. Nilileta miwani minne ya kukinga macho, kila mmoja akaisaini, Mkuu pia.

Daktari aliwasha taa ya kukipa kigae mwanga, akagusa skrubu ya kioo, akagusa tena. Leza ya iterbi haionekani kwa jicho. Kwa hiyo mbele ya kioo aliweka karatasi maalumu inayowaka ikipigwa na mwanga wa namna hiyo. Ilikaa giza. Aligusa skrubu kidogo kuliko pumzi, na katikati ya karatasi likatokea doa moja dogo la kijani, duara, tulivu.

Mkuu alipiga makofi. Daktari aliinua mikono yote miwili juu kama mtu aliyefunga goli. Mimi nilimtazama wifi yangu, naye alikuwa amekunja uso.

"Ngojeni," akasema.

Alitoa mfukoni kadi ya 214. Akaiingiza taratibu kati ya kigae na kioo, akaizuia njia. Doa likiendelea kuwaka, basi ni mabaki tu ya ile taa ya kukiwashia kigae. Likifa, ni leza. Mikono ya Daktari ilishuka.

Doa likafa.

Akaitoa kadi. Doa likarudi. Akaiingiza, likafa, akaitoa, likarudi. Alifanya hivyo mara tatu, kwa mwendo uleule, kisha akavua miwani ya kinga, akarudi nyuma hatua mbili na kugeuza kadi upande wa maandishi. Funguo za chumba chake zilikuwa bado zinaning'inia kiunoni.

"Wifi," akasema, "kalamu."

Nilikuwa nayo moja mpya, ya stoo, haijafunguliwa. Nilimpa, na sikumdai sahihi ya stoo. Aliinama juu ya meza, akautafuta ule mstari wa chini kabisa kwa kidole kwa sababu macho yalikuwa yamemjaa machozi, na mbele ya neno "Leza?" akaandika: Ndiyo.